Miaka sita inaisha lini? Deni la tarehe 29 Februari na kesi iliyofunguliwa Jumatatu

SWALI: Mama wakili, shikamoo. Mimi ni msomaji wako, niko Ifakara. Mwaka 2019 nilimuuzia bwana mmoja mashine yangu ya kukoboa mpunga pamoja na injini yake. Alitanguliza fedha, zikabaki shilingi milioni 64, tukaandikishana kwamba atamaliza "ifikapo tarehe 29 Februari 2020". Hakumaliza. Nilimvumilia kwa kuwa tunafahamiana, na kila msimu alisema mavuno hayakuwa mazuri. Mwanzoni mwa Mei 2021, tukiwa kwenye mfungo wa Ramadhani, alinitumia laki tano kwa simu na ujumbe kwamba hiyo ni ya mashine, nyingine anakuja nayo. Baada ya hapo kimya. Nimefungua kesi Mahakama ya Wilaya kwa mtandao, Jumatatu tarehe 2 Machi 2026. Sasa wakili wake ameweka pingamizi la awali kwamba niko nje ya muda: anasema miaka sita ni siku 2,190, nazo ziliisha Ijumaa tarehe 27 Februari. Karani mmoja naye kaniambia mwezi wa kisheria ni siku 30, kwa hiyo nimechelewa hata zaidi ya hapo. Je, ni kweli? Mwezi na mwaka huhesabiwaje mahakamani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi: kwa maoni yangu kesi yako iko ndani ya muda. Wakili wa mwenzako amezidisha mahali ambapo sheria haikumwambia azidishe, na karani wako amekupa habari inayosemwa sana kwenye korido za mahakama lakini haimo katika sheria. Ila hesabu ya siku ya mwisho siyo silaha yako kubwa. Silaha yako kubwa umeipitia kwa sentensi moja tu, zile laki tano. Nitazifikia. Tumalize kwanza kalenda, maana ndiyo uliyouliza.

Ukomo wa madai ya mkataba Tanzania Bara umo katika Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971. Jedwali lake, Sehemu ya Kwanza, kipengele cha 7, linatoa miaka sita. (Namba ninazotaja ni za Toleo la 2019. Toleo la 2023 la sheria zetu limeanza kutumika Julai 2025, kwa hiyo kabla hujanakili namba yoyote kwenye majibu yako, ilinganishe na toleo jipya. Zanzibar wana sheria yao ya ukomo, usiichanganye na hii.) Angalia kwamba jedwali linasema miaka. Sheria hiyohiyo, ikifika kwenye rufaa na maombi, inasema siku: siku 90, siku 45, siku 60. Aliyeiandika alikuwa na vipimo viwili mkononi, akachagua kipi akitumie wapi. Ukikuta miaka ukaigeuza siku, umeandika sheria yako mwenyewe.

Sasa mwaka ni nini na mwezi ni nini? Hapo unakwenda kwenye Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Mwezi ni mwezi wa kalenda. Mwaka nao ni wa kalenda hii tunayotundika ukutani, ya Januari hadi Desemba, siyo ya Muharram hadi Mfunguo Tatu; nalisema hili kwa sababu nimeshaulizwa, na tofauti yake si ndogo: miaka sita ya Hijria ni mifupi kwa takriban siku 65. Kwa hiyo huulizi "siku ngapi zimepita?" Unauliza "tarehe ile imerudi lini?" Februari ina siku 28, Julai ina 31, na zote mbili ni mwezi mmoja mmoja. Mwaka mrefu una siku 366 na bado ni mwaka mmoja.

Huyo karani usimlaumu sana. Zamani Waingereza, ambao ndio waliotuachia sehemu kubwa ya kanuni hizi, walikuwa na mwezi wa siku zenye hesabu kamili, lakini hazikuwa 30, zilikuwa 28, mwezi wa mwandamo. Bunge lao likaubadilisha kwa upande wa sheria zake mwaka 1850, na kwa mikataba na hati nyingine mwaka 1925. Mwezi wa siku 30 unatoka benki na kwenye hesabu za mishahara, ambako ni rahisi kugawanya. Kama mkataba wenu ungesema wazi kwamba "mwezi maana yake siku 30", basi ndani ya mkataba ingekuwa hivyo, kwa muda wa kulipa au kutoa notisi. Lakini watu wawili wakikubaliana maana ya mwezi katika mkataba wao hawabadilishi Jedwali la Sura ya 89. Kwa hesabu ya karani, miezi 72 ya siku 30 ni siku 2,160, na muda wako ungekuwa umeisha tarehe 28 Januari. Hiyo iweke pembeni.

Tuhesabu sasa, polepole, maana hapa ndipo penye uhondo. Kanuni inayotumika inaitwa kanuni ya tarehe inayolingana. Unachukua tarehe ya kuanzia, unaitoa katika hesabu, halafu unatafuta tarehe yenye namba hiyohiyo katika mwezi au mwaka wa mwisho. Hiyo ndiyo siku ya mwisho. Kutoa siku ya kwanza siyo hisani ya mtu, ni kifungu cha 19(1) cha Sura ya 89: siku ambayo muda unahesabiwa kuanzia kwake haihesabiwi. Sababu yake ni ya kale. Mwaka 1808 jaji wa Uingereza, Sir William Grant, alieleza kwamba sheria haitaki vipande vya siku. Mtu akifa saa tisa alasiri, hatuwezi kuwapa warithi wake siku iliyobaki saa tisa tu na kuiita siku nzima. Basi siku hiyo inaachwa yote, na kesho yake ndiyo siku ya kwanza.

Namba ikikosekana je? Kwako imekosekana. Deni lilikuwa la tarehe 29 Februari 2020, na Februari ya 2026 haina 29. Kanuni inasema ukikosa namba, simama kwenye siku ya mwisho ya mwezi huohuo. Huvuki kwenda mwezi mwingine. Kwa hiyo ukihesabu kutoka 29 Februari 2020, siku yako ya mwisho ni tarehe 28 Februari 2026. Ilikuwa Jumamosi.

Linganisha na hesabu ya wakili wa mwenzako. Chukua karatasi. Mwaka wa kwanza ni 1 Machi 2020 hadi 28 Februari 2021, siku 365. Wa pili na wa tatu hivyohivyo. Wa nne ni 1 Machi 2023 hadi 29 Februari 2024, na huu una siku 366. Wa tano na wa sita, 365 kila mmoja, na wa sita unafunga 28 Februari 2026. Jumla ni siku 2,191. Yeye amezidisha 365 kwa 6 akapata 2,190, akaimeza 29 Februari 2024 kana kwamba haikuwahi kuwepo, na muda wako ukafia Ijumaa badala ya Jumamosi. Siku moja tu, lakini kaipata siku aliyoitaka, kwa sababu Ijumaa mahakama iko wazi na Jumamosi imefungwa. Sidhani kama alikusudia. Mawakili wengi huhesabu hivyo kwa mazoea, na mara nyingi haileti madhara kwa kuwa watu hawafungui kesi siku ya mwisho.

Jambo la pili ambalo hajaligusa, na wewe uligusie: haki yako ya kudai ilizaliwa lini hasa? Mkataba ulisema "ifikapo tarehe 29 Februari 2020". Mdaiwa alikuwa na siku hiyo nzima ya kulipa. Saa tano usiku angeweza kukubishia hodi na fedha mkononi, na usingekuwa na kesi. Amevunja mkataba siku ilipokwisha, yaani ilipoingia tarehe 1 Machi. Ukiichukua 1 Machi 2020 kuwa ndiyo siku haki ilipozaliwa, na ukaitoa kwa kifungu cha 19(1), mwisho wako unakuwa tarehe 1 Machi 2026, siku ya Jumapili.

Hapo kuna mjadala, na si vyema nikufiche. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri linalofanana na lako kwa jambo hilo moja. Wadhamini wa amana ya familia, yaani waliokabidhiwa mali waitunze kwa ajili ya wanufaika, walitakiwa kupeleka madai fulani kabla Alhamisi, tarehe 2 Juni 2011, haijaisha. Hawakupeleka. Wanufaika wakawashtaki Jumatatu, tarehe 5 Juni 2017, wakisema: haki yetu ilizaliwa tarehe 3 Juni 2011, siku hiyo inatolewa, kwa hiyo miaka sita inaisha tarehe 3 Juni 2017, ambayo ni Jumamosi, basi tunasogea Jumatatu. Mahakama ikawakatalia. Ilisema sababu ya kutoa siku ya kwanza ni kwamba siku hiyo huwa imemegeka. Haki ikizaliwa usiku wa manane kamili, siku inayofuata ni nzima haijaguswa, kwa hiyo inahesabiwa. Muda ukawa umeisha Ijumaa, tarehe 2 Juni 2017, na kesi ikafa.

Hukumu hiyo haiifungi mahakama yetu, na kifungu chetu cha 19(1) kimeandikwa waziwazi bila kuuliza kama siku imemegeka au la. Lakini tuseme hakimu wako ameipenda. Inakuua? Haikuui. Ukianza kuhesabu na 1 Machi 2020 yenyewe ikiwemo, miaka sita inafunga tarehe 28 Februari 2026, ileile Jumamosi. Kila njia ya halali niliyoijaribu inaishia Jumamosi au Jumapili. Ni kuzidisha tu ndiko kunakoishia Ijumaa. Iseme hivyo mbele ya hakimu, na umpe kalenda ya mwezi ule.

Tunabaki na wikiendi. Kifungu cha 19(6) cha Sheria ya Ukomo kinasema muda ukiisha siku ambayo mahakama imefungwa, shauri laweza kufunguliwa siku mahakama itakapofunguliwa. Kifungu cha 60 cha Sura ya 1 nacho kinasogeza mbele jambo lililoangukia siku isiyohesabiwa. Jumamosi tarehe 28, Jumapili tarehe 1, mahakama ikafunguliwa Jumatatu tarehe 2 Machi. Siku hiyo ulikuwepo. Ndivyo inavyokuwa pia kwa siku za Idd, ambazo wakati mwingine tunazijua jana yake usiku mwezi ukionekana: siku ya mwisho ikiangukia Idd, unasogea. Lakini sikukuu na wikiendi zilizo katikati ya muda hazikuongezei kitu. Nimewaona watu wakijumlisha Jumapili zote za miaka mitatu wakidhani wamejipatia miezi mitano ya ziada. Inayotazamwa ni siku ya mwisho peke yake. Likizo ya mahakama ya mwisho wa mwaka nayo isikudanganye, masjala huwa wazi na karani anapokea.

Hapa nina maswali mawili ya kukuuliza, na majibu yake unayo wewe. La kwanza ni hili. Umefungua kwa mtandao. Mwenzako anaweza kusimama na kusema mfumo hauna Jumamosi, ulikuwa wazi saa zote, kwa hiyo mahakama "haikufungwa". Kwa mtazamo wangu hoja hiyo ni dhaifu. Sheria inazungumzia mahakama, na mfumo ni njia ya kupitishia nyaraka kwenda mahakamani. Lakini ni hoja ambayo wakili mjanja hataiacha, kwa hiyo jibu lake liwe tayari.

La pili linanitia wasiwasi zaidi: ulilipa ada lini? Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1992 kwamba tarehe ya kufungua shauri ni tarehe ya kulipa ada, siyo ile ya nyaraka kupokelewa masjala. Kisha zikaja Kanuni za kuwasilisha nyaraka kwa mtandao za mwaka 2018, zikasema nyaraka iliyotumwa kabla ya saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki inahesabiwa imewasilishwa siku hiyo, isipokuwa kama imekataliwa. Tangu hapo majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana: wengine wanashika siku ya kutuma, wengine wanasema bila risiti hakuna kesi. Kama ulipakia hati ya madai Jumatatu jioni, namba ya malipo ikatoka usiku, ukalipa Jumanne asubuhi, basi pingamizi la kweli liko hapo na mwenzako bado hajaliona. Tafuta risiti. Ikisoma tarehe 2 Machi, iambatanishe. Ikisoma tarehe 3, soma kwa makini zaidi sehemu ya laki tano hapa chini.

Kabla sijafika huko, neno kuhusu miezi, kwa kuwa uliuliza na kwa kuwa wasomaji wengine wana notisi mikononi. Hesabu ya miezi ni hiyohiyo ya tarehe kurudi. Mwezi mmoja kutoka 31 Agosti ni 30 Septemba. Miezi mitatu kutoka 30 Novemba ni 28 Februari, au 29 mwaka ukiwa mrefu. Watu hukubali kirahisi wakianzia mwisho wa mwezi mrefu. Wanapokwama ni kinyume chake. Mpangaji mmoja wa Uingereza alipewa notisi tarehe 30 Septemba 1978, na sheria yao ikimpa si zaidi ya miezi minne kupeleka maombi mahakamani. Akapeleka tarehe 31 Januari 1979. Alifikiri kama notisi ilitolewa siku ya mwisho ya mwezi, basi muda unaisha siku ya mwisho ya mwezi. Shauri likapanda hadi Baraza la Malodi, wakati huo mahakama yao ya juu kabisa, na mwaka 1981 wakamjibu: notisi ya tarehe 30 inaisha tarehe 30. Januari ina tarehe 30, basi ndiyo hiyo, na 31 ni siku moja kupita. Akapoteza haki ya kudai pango jipya kwa siku moja. Kanuni haitazami kama uko mwisho wa mwezi, inatazama namba.

Na usichukulie siku 60 na miezi miwili kuwa kitu kimoja. Kutoka tarehe 1 Julai, siku 60 zinaisha 30 Agosti, miezi miwili inaisha 1 Septemba. Ungedhani basi miezi ndiyo mirefu siku zote. Jaribu kutoka 31 Desemba 2025: siku 60 zinaisha 1 Machi 2026, miezi miwili inaisha 28 Februari. Huko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kulalamikia uachishwaji na siku 60 kwa migogoro mingine, siku na si miezi. Ila akitaka Mahakama Kuu ipitie tuzo ya Tume, yaani uamuzi wake, sheria inampa wiki sita tangu alipokabidhiwa tuzo. Wiki sita ni siku 42, siyo mwezi mmoja na nusu. Anayeishtaki Serikali anatakiwa kutoa notisi ya siku zisizopungua 90. "Zisizopungua" inataka siku 90 kamili ziwe katikati, siku ya kutoa notisi na siku ya kufungua kesi zikiwa nje.

Wasomaji wa Kenya huwa wananiandikia wakidhani tunazungumzia nchi moja. Misingi inafanana: mwezi ni wa kalenda, siku ya tukio haihesabiwi, na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu unasogea. Lakini vipimo vinatofautiana. Mkataba ni miaka sita, ila madai ya ajira ni miaka mitatu na kashfa ni miezi 12. Na wana kanuni mbili ambazo sisi tusizichukulie kuwa zetu. Muda usiozidi siku sita hauhesabu Jumapili na sikukuu hata zikiwa katikati. Halafu, katika Kanuni zao za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za 2010, siku kuanzia 21 Desemba hadi 13 Januari hazihesabiwi kwa hatua za ndani ya kesi. Kwa hatua za ndani, nasisitiza. Ukomo wa kufungua kesi yenyewe unatoka kwenye sheria ya Bunge, na Krismasi haiusimamishi.

Sasa laki tano. Kifungu cha 27 cha Sura ya 89 kinasema kwamba mdaiwa akilikiri deni, au akilipa chochote katika deni hilo, haki ya kudai inahesabiwa kuwa imezaliwa upya siku ya kukiri au siku ya malipo ya mwisho. Hawezi kulipa kidogo leo akupooze, halafu kesho akahesabu miaka kutoka siku ya kwanza. Kama zile laki tano za Mei 2021 zilikuwa sehemu ya deni la mashine, miaka sita yako ilianza upya siku ile, nayo inaisha Mei 2027. Jumamosi, Jumapili, Ijumaa, risiti ya Jumanne, yote hayo yanakuwa maneno ya pembeni.

Tofautisha mambo mawili hapa. Kukiri deni kwa maneno lazima kuwe kwa maandishi yaliyosainiwa na anayekiri, kifungu cha 28, na wakili wa mwenzako ataubishia ujumbe wa simu kwamba hauna saini. Malipo hayahitaji saini. Kwa hiyo simama juu ya malipo, na ujumbe uutumie kuonyesha malipo yale yalikuwa ya nini: siyo zawadi ya Ramadhani, siyo mkopo mwingine, ni ya mashine.

Ila kuna mtego. Amri ya VII kanuni ya 6 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inataka mdai anayefungua kesi baada ya muda wa kawaida kupita aeleze ndani ya hati ya madai ni sababu gani inayomwokoa. Isome hati yako. Laki tano zimetajwa, pamoja na tarehe? Kama hazimo, omba kurekebisha hati ya madai mapema, kabla pingamizi halijasikilizwa, maana mahakama zetu hazipendi mtu anayeomba kurekebisha ili kulikwepa pingamizi ambalo tayari liko mezani. Mwenzako atapinga. Bado uombe, na hoja yako ya kalenda iwe imeshaandikwa: kwamba kwa vyovyote uko ndani ya muda, na malipo unayataja kwa tahadhari.

Pia jibu pingamizi lenyewe kwa umbo lake. Tangu mwaka 1969, katika shauri la Mukisa Biscuit lililoamuliwa na iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, pingamizi la awali ni hoja tupu ya sheria, ambayo haihitaji ushahidi kuithibitisha. Kama lazima tuchunguze laki tano zililipwa lini na kwa ajili gani, hiyo si hoja tupu ya sheria tena. Isubiri ushahidi.

Na kama yote yatashindikana? Usidanganywe na mtu atakayekuambia ukaombe kuongezewa muda mahakamani. Kifungu cha 14 kinairuhusu mahakama kuongeza muda wa rufaa na maombi, siyo wa kufungua kesi, na kesi iliyofunguliwa nje ya muda inatupwa kwa kifungu cha 3. Mwenye uwezo wa kuongeza muda wa kesi ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, kwa kifungu cha 44, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, na hawezi kuongeza zaidi ya nusu ya muda wa awali. Kwa mkataba ni miaka mitatu. Ni mlango mwembamba na maombi yake yanataka maelezo ya kina kwa nini ulichelewa, "tunafahamiana" haitakupitisha.

Wiki hii nenda kwenye duka la kampuni yako ya simu uombe taarifa ya miamala ya Mei 2021, iliyogongwa muhuri. Usitegemee picha ya skrini. Ujumbe wenyewe usiufute wala usibadilishe simu kwa sasa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka uonyeshe jinsi ushahidi huo ulivyotunzwa hadi kufika mahakamani, na simu uliyopokelea ndiyo shahidi wako wa kwanza. Risiti ya ada ichapishe. Vyote mpelekee wakili wako kabla ya tarehe ya kutajwa kwa kesi, siyo asubuhi ya siku hiyo mlangoni mwa mahakama.